Nchi ya Mwandiza na Mbaazi za Mama

Mabwerebwere, Kilosa
Ijumaa, 12 Septemba

Kaka yangu Kasian,

Shikamoo. Habari za Mikumi, na habari za hao nyani wako wanaokuibia chapati gereji? Barua yako ya Jumanne nimeipata ikiwa na alama ya kidole chenye grisi pembeni, nikafurahi, maana nilijua kazi ipo. Lakini kaka, unakula? Joyce alipita na basi wiki iliyopita akakuona umelala chini ya lori pale barabara kuu, miguu tu ndiyo iko nje, akaja kuniambia miguu yenyewe imekonda. Nikamwambia miguu yako ilikuwa hivyo tangu darasa la kwanza. Hata hivyo nimemkabidhi kondakta karanga za kukaanga pamoja na bahasha hii. Zile ni zako, si za nyani.

Mimi sijambo. Duka linakwenda, ila mashine ya fotokopi imerudiwa na ugonjwa wake wa kumeza karatasi, na majuzi imemeza cheti cha kuzaliwa cha mtoto wa watu nikakivuta kwa koleo huku mama mtu ananisimamia kichwani. Mama naye ni mzima, namshukuru Mungu, isipokuwa lile goti linalomsumbua akipanda mlima. Anakuulizia kila nikienda Kisanga.

Utajiuliza kwa nini sikupiga simu. Kwanza ni sheria yako mwenyewe, umeiandika ukurasa wa kwanza wa daftari, kwamba habari za Mwandiza haziendi kwa simu, zinakwenda kwa karatasi. Pili, humu ndani mna jambo ambalo ningelianza kwa simu ningekata kabla sijalimaliza, najijua. Kwa hiyo nakuomba uisome ukiwa umekaa na umeshanawa mikono.

Nianze na nchi yetu. Jumatatu mwalimu mmoja alikuja kuchapisha mitihani, akaona dadu mezani, akaniuliza kwa sauti ya chini kama siku hizi tumeanza kamari. Ikabidi nimweleze. Nikamwambia huu ni mchezo wa hadithi, kaka yangu aliuleta alipokuwa chuo cha ufundi Morogoro, kila mmoja wetu ni mtu fulani katika nchi ya kubuni, na yeye Kasian ndiye Msimulizi: anatuambia limetupata jambo gani, sisi tunasema tunafanya nini, halafu dadu inaamua kama tumeweza. Nikamwambia tuna miaka sita tunakaa meza ile ile kila Jumapili baada ya ibada, na nchi yetu ina milima saba, ina kodi, ina mfalme anayeogopa kuku. Akaniuliza nani anashinda. Nikasema hashindi mtu, mnaendelea tu. Alinitazama kwa huruma sana, akalipia mitihani yake akaondoka. Nadhani ananiombea.

Baada ya yeye kuondoka nikabaki nacheka peke yangu, nikikumbuka tulivyogawana watu siku ya kwanza. Yeremia, fundi seremala mpole asiyeweza kumfukuza hata mbwa, akachukua Jemadari. Joyce, nesi na mtu wa kwaya, akachukua mwizi. Mimi ninayekimbia ndama nikawa mfugaji wa ng'ombe mia sita. Na kaka Parit, rafiki yako aliyezaliwa ndani ya mifugo, akataka kuwa mkulima wa maharage, na kila Jumapili akawa analalamika kwa mfalme kwamba mifugo yangu imemmalizia shamba. Wewe ulikuwa unacheka hadi unashika tumbo. Mimi kwa sasa nikilikumbuka hilo silicheki tena, na utaelewa mbele.

Ile karatasi uliyotuachia mezani ulipohamia Mikumi tuliisoma wote watatu, mimi, Joyce na Yeremia. Ulisema Jeshi la Chuma linakuja, watu elfu arobaini, na Mwandiza ina wapiganaji elfu tatu na kuta ambazo zilianza kubomoka enzi za babu wa mfalme. Ulisema mvua za vuli zikianza tu watavuka mto, na nchi itakufa. Ukasema tunaruhusiwa kukutumia mpango, na tukikuletea mmoja usioweza kuuvunja, utarudi mezani kusimulia. Tukishindwa, daftari lichomwe na meza irudi kuwa ya kuuzia kalamu. Joyce alilia, kaka. Alisingizia vumbi, lakini alilia.

Tulijaribu. Yeremia akakutumia mpango wa darajani, kwamba elfu tatu wasimame mahali pembamba adui apite mmoja mmoja. Ukajibu kwa mstari mmoja kwamba mto una kina cha magoti nusu saa juu ya daraja, na kwamba Jemadari angelijua hilo angekuwa anatembea badala ya kukaa ikulu. Yeremia alinuna siku tatu. Joyce akakutumia mpango wa zawadi: tuwapelekee dhahabu na binti wa mfalme aolewe kwao. Ukajibu kwamba walipokea zawadi, wakala karamu ya harusi, na kesho yake wakaja na bibi harusi awaonyeshe njia. Mimi nikaleta mapango, watu wote waingie chini ya milima na chakula. Ukaniuliza mifugo mia sita nitailisha mawe? Nilikasirika lakini ulikuwa na haki.

Halafu ukapata ule mpango wa nne, ukauita mpango wa kwanza wenye akili, ukaandika kwamba mdogo wako amekua. Nimeisoma sentensi hiyo mara nyingi kaka, na kila nikiisoma nazidi kujisikia vibaya, kwa sababu mpango ule si wangu. Ni wa Parit.

Usiikunje barua. Endelea.

Alikuja dukani mwisho wa mwezi wa nane kutoa fotokopi ya kibali cha kusafirisha mifugo. Alikuwa hajakanyaga pale tangu mlipogombana. Akanisalimu vizuri, akasimama mlangoni, hakutaka kukaa, akasema meza ile ameshakatazwa. Mashine ikaanza vituko vyake, basi ikabidi asubiri. Akaniuliza kwa upole nchi inaendeleaje. Si mimi wala duka, nchi. Nikamwambia inakufa vuli, nikamsimulia yote, elfu arobaini na daraja na bibi harusi. Akacheka yule kaka. Akasema shida yenu wakulima ni kuweka kila kitu ghala moja, halafu mnakaa mlangoni na rungu.

Akaniambia kwao mtu mwenye akili haweki ng'ombe wake wote boma moja. Wachache anabaki nao, wachache wako kwa rafiki huko Munisagara, wengine kwa rafiki wa mbali zaidi, na wa hao marafiki wako kwake. Ugonjwa ukija, au ukame, au wezi, unachukua boma, hauchukui kundi. Na ukitazama zizi la mtu huwezi kujua yupi ni wa nani. Wanajua wenyewe tu. Akanikumbusha na lile la majina, kwamba waliopeana mnyama wanaacha kuitana majina yao, wanaitana jina la yule mnyama, kama vile alipoleta kondoo kwenye msiba wa baba, na tangu siku ile wewe na yeye mkawa mnaitana Paker, jina la kondoo kwa lugha yao.

Basi Mwandiza nayo ifanye hivyo, akasema. Kabla ya vuli kila kaya itoke na kitu mkononi, mbegu au mbuzi au mche wa ndizi, iende kwa kaya moja ya nchi jirani, iwape, na iitwe jina la kile ilichotoa. Mfalme aende na kuku wake, aitwe Kuku, akachunge. Wakija wa chuma watakuta kuta na upepo. Wataulizia Wamwandiza wataambiwa hapa hakuna, hapa kuna Mbegu na Mbuzi na Kuku. Nchi ikae hivyo hata miaka thelathini ndani ya nyumba za watu, mpaka hao wenye chuma wachoke na kurudi kwao. Alisema hivyo huku anakunja kibali chake vizuri, akaniaga, akaenda zake. Mimi nikafunga duka mapema nikaandika yote kama yalivyo, nikaweka jina langu chini. Niliogopa nikiweka lake hutasoma.

Ndipo likaja jibu lako la Jumanne. Umesema mpango ni mzuri lakini umeuvunja, na umeuvunja kwa mdomo mmoja. Jeshi litamkamata mwenyeji mmoja tu, litamwuliza huyu Mbegu katoka wapi, na atasema. Ukaandika, nanukuu maneno yako: nani atanyamaza kwa ajili ya mtu asiye damu yake, huku yeye ndiye anayepigwa, na kusema tu kunamtoa? Nionyeshe mtu mmoja wa namna hiyo, si elfu tatu, mmoja, na nitasema Mwandiza imepona.

Kaka Kasian, ninamjua mmoja. Na wewe unamjua.

Unakumbuka Alhamisi ile ya mwezi wa saba. Mama alikuwa amemaliza kuvuna mahindi Kisanga, na magunia manne yalikuwa yameshashushwa nyumbani kwangu. Unajua utaratibu wetu na kina mzee Sapit, baba yake Parit, tangu baba yupo hai: tukishavuna wanaomba, tukikubali wanaingiza ng'ombe kula mabua, na sisi tunabaki na mbolea. Hawajawahi kuingia bila kuomba hata mara moja. Siku hiyo Parit alipiga simu ya mama haikupatikana, ilikuwa haina chaji. Akanipigia mimi. Dukani palijaa watu wa fomu za kujiunga na shule, mashine imekwama, mtu mmoja ananigombeza. Akaniuliza kama tumeshamaliza shambani ili wapitishe ng'ombe. Nikayatazama yale magunia manne kwa akili yangu, nikamwambia tumemaliza kaka, ingieni tu. Nikakata simu.

Nilisahau mbaazi. Mimi, niliyezipalilia zile mbaazi katikati ya mistari ya mahindi tangu nina miaka saba, niliyezichambua na kuzila kila mwaka, nilisahau kwamba mahindi yakitoka mbaazi zinabaki zimesimama mpaka mwezi wa tisa. Nimekaa mjini mpaka shamba likawa magunia kichwani mwangu. Na Parit alipofika akaona mbaazi alisita, ameniambia mwenyewe. Lakini alikuwa ameshaambiwa na mtoto wa mwenye shamba, akadhani mwaka huu tumeamua kuziacha kwa sababu ya wadudu walioziingia. Ng'ombe arobaini. Kufika jioni hapakuwa na mti mmoja wa mbaazi uliosimama.

Kilichofuata ulikiona. Ulimkuta mama amekaa chini katikati ya shamba. Ukaenda ofisi ya kijiji, mimi nikaja mbio na bodaboda kutoka mjini, tukawekwa wote chumba kimoja. Mtendaji akamwuliza Parit nani amemruhusu kuingia. Kaka, alinitazama. Mara moja tu, na si kwa kunitisha. Nilikuwa nimeshika mkoba wa mama. Nikatazama chini. Akasema hakuna aliyemruhusu, amekosea mwenyewe. Ukasimama ukamwambia yale uliyomwambia, kwamba wafugaji ni wafugaji tu hata ukila nao miaka sita, na kwamba asikuite Paker tena wala asikanyage mezani kwetu hadi unakufa. Mzee Sapit akaleta yule mtamba mwekundu kuomba radhi kwa kosa ambalo mwanawe hakulifanya, na mimi nikasimama pale nikamshukuru kwa niaba ya mama. Nilimshukuru, kaka. Nikifikiria hilo natamani ardhi inimeze.

Wiki moja baadaye ukachukua kazi Mikumi. Wote wakasema umefuata maslahi. Mimi nilijua umeshindwa kukaa meza ambayo kiti kimoja kiko wazi.

Siku ile ya kibali nilimwuliza kwa nini alininyamazia. Nilitegemea aseme jambo kubwa. Alisema ng'ombe walikuwa wake. Kisha akasema yeye anaishi huko mbugani, maneno ya kijijini hayamfikii sana, ila mimi ningelazimika kumtazama mama kila wiki. Na akasema alikuona ulivyokuwa na hasira, akaona kama ni lazima ziende kwa mtu, heri ziende kwake kuliko kwa mdogo wako. Wiki saba, kaka. Amepoteza rafiki, baba yake amepoteza mtamba, vijana wa kijiji wanamwimbia akipita, na kusema sentensi moja tu kungemtoa. Mimi si damu yake.

Huyo ndiye mtu wako mmoja. Mpango uvunje sasa, kama unaweza.

Lakini sikuandika ili nishinde mchezo. Hata ukisema Mwandiza imepona, mimi bado ni yule yule aliyetazama chini. Kwa hiyo juzi Jumatano nilifunga duka nikaenda Kisanga nikamwambia mama. Nilimkuta anapepeta mchele. Nikamweleza tangu simu mpaka mtamba. Alinisikiliza hadi mwisho bila kuacha kupepeta, halafu akaniuliza kitu kimoja, kama Parit, wakati anasema amekosea, alijua kwamba mimi nitanyamaza. Nikasema alijua. Mama akaweka ungo chini. Hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Alikwenda nyuma ya nyumba, alipofungwa yule mtamba, akakaa naye muda mrefu. Amempa jina, anamwita Faraja, anamchuna kupe kwa mkono wake, na tangu mbaazi zilipokwenda ndiye anayemfanya aamke na furaha asubuhi. Aliporudi akasema Jumapili ya tarehe 21 tunamrudisha kwa mzee Sapit, na kwamba nitazungumza mimi, kwa mdomo wangu, mbele ya wazee wa huko na mtendaji tutamwomba awepo. Akasema yeye atasimama pembeni yangu lakini hatanisaidia hata neno.

Naogopa sana, kaka. Kila nikiosha vyombo nafanya mazoezi ya sentensi ya kwanza na kila mara inaanguka.

Parit hajui kama nimekuandikia, wala hajui kama tunakwenda. Nakuomba uombe ruhusa kwa bosi wako uje. Kutoka kwa mama mpaka bomani kwao ni mwendo wa saa tatu, na mtamba yule ana kichwa kigumu. Mama ana goti lake na mimi unajua ninavyowaogopa ng'ombe. Anahitajika mtu wa tatu wa kushika kamba. Usipokuja tutakwenda hivyo hivyo wawili, hata kama tutafika jioni tukiwa tumekokotwa.

Joyce anakusalimu na anasema uongeze kula mboga. Yeremia anakusalimu, bado hajakusamehe kwa ule mto wa magoti. Mama anakusalimu sana, anasema ulete ile dawa ya kuchua uliyomwahidi. Watu wote wa gereji wasalimie, na Mungu akulinde na malori hayo.

Sikuombi unisamehe kwa barua. Uje unitazame, na yale maneno yote uliyomwambia Parit pale ofisini, uniambie mimi, moja baada ya jingine, naye akiwa anasikia. Safari hii yamfikie mwenyewe.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Costancia